Chakula cha Randa

"Mkono huu," mjomba wangu alisema kwenye kipaza sauti, akiuinua kama mgombea anayeomba kura, "haujawahi kurudia kazi. Atakayekuta dawati limelegea, aje na msumeno, aukate mkono huu."

Ilikuwa siku ya kukabidhi madawati kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu, madawati mia na ishirini, yote kayatengeneza yeye. Mgeni rasmi akapiga makofi, walimu wakafuata, na watoto nao wakafuata wakidhani makofi ndiyo ruhusa ya kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo akaitwa Fundi Harudii. Jina alilivaa kama nishani. Sisi wa ukoo wake tulilijua kwa upande wa ndani: mjomba harudii kazi, harudii neno, wala harudii njia. Akilipita duka la sukari kwa kusahau, siku hiyo nyumba nzima inakunywa chai bila sukari, na mke wake anajifanya ndivyo daktari alivyoshauri.

Nimseme vizuri kabla sijamsema vibaya. Madawati yale yako imara hadi leo. Watoto wameyachora, wameyatoboa, wameandikiana mapenzi juu yake kwa makosa ya tahajia, lakini hakuna hata moja linalocheza. Karakana yake ni chumba kirefu cha bati nyuma ya nyumba: meza ya kazi katikati, jiriwa mbili za kubania mbao, zilizochakaa midomo, na ukuta ambao kila chombo kimechorewa umbo lake kwa mkaa, ili ukikiazima aone pengo na ajue wa kumfuata.

Sheria ya kwanza ya karakana ile inaitwa chakula cha randa. Kila ubao unaokatwa unaachwa mrefu kuliko kipimo kwa upana wa kidole kimoja. Mjomba anachora mstari wa penseli pale kipimo halisi kinapoishia, na ng'ambo ya mstari anapiga eksi, kama ya mwalimu kwenye hesabu iliyokosewa. Hicho kipande chenye eksi ndicho chakula cha randa. Kinaliwa mwisho, ubao ukishatulia, kidogo kidogo, mpaka kwenye mstari. Amewafundisha hivyo mafundi wanne waliopita mikononi mwake. Amenifundisha hata mimi, niliyekuwa nimepita kuazima bisibisi.

Ana mtoto mmoja, binti, binamu yangu. Anauza dawa kwenye famasi ya mtaa wa pili, na kwa mshahara wake alijinunulia gitaa la umeme, jekundu, lililokwisha kutumika lakini zima. Mjomba alilichukulia gitaa hilo kama mchumba asiyejitambulisha: limo ndani, linakula umeme, na halisemi nia yake. Binamu alikuwa analipiga chumbani kwake kila akitoka kazini, sauti chini, na alikuwa anajua. Sisemi hivyo kwa undugu. Kuna ndugu zangu wanaoimba, na nimewaomba waache.

Siku ya mkosi alikwenda karakana mchana, nami nikiwepo, kitufe cha mkanda wa gitaa kimelegea, anataka baba yake akikaze. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha husema mengi. Akaeleza kwamba kiongozi wa bendi inayopiga kwenye hoteli kubwa ya mjini amekubali kumsikiliza. Mpigaji wao wa gitaa anaondoka, kiti kiko wazi. Jumamosi, wiki tatu mbele, saa nane mchana.

"Hotelini," mjomba alisema.

"Ndiyo, Baba. Mwisho wa wiki tu. Famasi siachi."

"Watu wanakula, wewe unawapigia kelele."

"Wanakula, mimi nawapigia muziki."

"Nimetengeneza madawati mia na ishirini watoto wa watu wakae wasome. Wangu mimi anasimama na mkanda begani kama mbeba mizigo wa stendi."

"Mbeba mizigo angalau anaulizwa kama ni mizito," binamu alisema. "Wewe hujawahi hata kuniambia nipige usikie."

Mjomba alipitisha mkono juu ya meza kama mtu anayefagia vipande vya mbao, kwa nguvu, na gitaa lilikuwa miongoni mwa vipande. Lilitangulia kichwa kwenye sakafu ya saruji. Shingo ikakatika chini kidogo ya kichwa, ikapasuka kwa urefu mpaka karibu na katikati, nyuzi zikabaki zimeshikilia kichwa kama mtu anayeshika mfuko uliokatika mkono.

"Limevunjika," mjomba alisema.

Hapa inabidi nisimame, maana ugomvi wote uko ndani ya neno hilo. Lugha yetu ina huruma nyingi kwa wakosaji. Kikombe kimepasuka, funguo zimepotea, muda umekwenda. Hakuna mtu ndani ya sentensi, mambo yanajifanya yenyewe, na kila mmoja anakwenda zake na heshima yake. Ukitaka mtu aingie, sharti aingie mwenyewe: nimelivunja. Silabi zinalingana kabisa, nimezihesabu. Mjomba, anayebeba mlango mzima wa mninga mgongoni bila kuomba msaada, hizo za pili zilimshinda.

"Limevunjika lenyewe?" binamu aliuliza.

"Si umeona limeanguka."

"Halikuvunjika, Baba. Limevunjwa. Sema limevunjwa na nani."

"Usinifundishe kusema kwenye karakana yangu."

Basi. Kuanzia hapo nyumba ile ikaendeshwa kwa wakala. Binamu hakumnyima baba yake salamu. Alimpa ile wanayopeana watu kwenye foleni ya benki. Mengine yote yalipitia kwa mama. "Mama, mwambie Baba maji ya kuoga yako tayari." "Mama yake huyo, mwambie nimesikia." Mke wa mjomba, mwanamke mpole anayepima maneno kama anayaazima, alivumilia siku nane. Siku ya tisa akaweka kijiko chini. "Nyinyi wawili mko meza moja," akasema. "Mimi si posta. Na kama ni posta, leo nimefunga." Akaenda kula jikoni. Hao wawili wakamaliza chakula, na chumvi ikabaki upande wa mjomba bila kuombwa.

Siku ya kumi na moja nilipita karakana nikamkuta ameshusha ubao wake wa mninga. Huo ubao nimeukuta tangu nikiwa na meno ya utoto. Wateja wameutaka kwa miaka, anawaambia una mwenyewe. Sasa alikuwa ameupasua katikati, na pembeni yake, juu ya gazeti, ile shingo iliyovunjika imepangwa vizuri kama mifupa kwenye meza ya daktari.

"Ni ya nani hiyo?" niliuliza, kama vile sina macho.

"Ya mteja."

"Mteja anasemaje?"

"Mteja hajasema kitu. Shika koleo."

Nikashika koleo. Nilielewa kwamba natazama mtu anaandika barua ya kuomba radhi kwa randa, kwa kuwa mdomo umekataa, na sikutaka kuvuruga mwandiko. Alichora umbo la shingo ya zamani kwenye ubao mpya. Akachonga kichwa kwa patasi. Mgongo wa shingo akauzungusha kwa randa ndogo, kisha akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa mwororo, mkono unateleza bila kuuliza. Ule ufito wa chuma unaokaa ndani ya shingo kuizuia isipinde akauchomoa kwenye ile iliyopasuka, akauchimbia mfereji wake. Kisha zikaja freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo kama vipandio vya ngazi. Kazi yangu ilikuwa kuzipasha moto kwa chuma cha lehemu zitoke bila kung'oa ubao. Hiyo ni moja ya faida mbili za stashahada ya umeme niliyoiacha katikati. Ya pili bado naitafuta. Kila freti aliihamisha kwa kisu na penseli, umbali uleule kama wa zamani, akaigonga na nyundo ya mbao. Nilipima nyuma yake kwa siri. Hakukosea hata moja.

Na chini, kwenye kisigino, ile sehemu nene ya shingo inayozama kwenye kishimo cha kiwiliwili cha gitaa, aliacha chakula cha randa. Upana wa kidole. Akachora mstari, akapiga eksi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi yenyewe, shingo ilikuwa imepakwa vanishi na kukauka. Mjomba alikuwa anakishikilia kiwiliwili cha gitaa kwa goti, akitafuta namna ya kushika vitu vitatu kwa mikono miwili, binamu akatokea mlangoni. Sijui nani alimwambia. Mama yake, nadhani, posta ikiwa imefunguliwa kwa dharura. Alisimama akiitazama ile shingo. Ilikuwa nzuri, mishipa ya mti imepita kwa urefu kama imechorwa kwa ajili yake.

Hakuna aliyesalimia. Mjomba akasema, bila kuinua macho, "Shika hapo."

Binamu akashika. Mjomba akaikalisha shingo kwenye kishimo. Ikaingia kwa kubana, kiungo kizuri, hata unywele haupiti. Akatoboa matundu manne kwa keekee, akizungusha polepole, vumbi jekundu la mninga likiwaangukia vidoleni wote wawili. Binamu alilipuliza. Mjomba akakaza skrubu nne, moja baada ya nyingine kwa kupishana pembe, na alipomaliza akasema, "Haya," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. Binamu alisema, "Asante, Baba." Nilijifanya natafuta bisibisi.

Kama kisa hiki kingekuwa changu kukikata, ningekikata hapo.

Ijumaa asubuhi binamu alirudi karakana kabla ya kwenda famasi. Gitaa kwa mkono mmoja, shingo kwa mkono mwingine. Alikuwa amelifungua.

"Baba, sauti inashuka."

"Nyuzi."

"Mpya. Nimezifunga jana."

"Basi masikio."

Nilikuwa na simu yenye ile programu inayoonyesha kwa mshale kama sauti imekaa mahali pake. Jana jioni binamu alikuwa amenipigia noti moja moja, nimeona kwa macho. Karibu na kichwa mshale unatulia katikati. Kadiri mkono unavyosogea kuelekea kiwiliwilini, mshale unalala kushoto, zaidi na zaidi, mpaka katikati ya shingo gitaa linasikika kama mtu anayeimba huku anasinzia. Nikamweleza mjomba.

"Simu ina masikio?" akauliza.

"Nimesogeza vidaraja vyote sita vinavyokalia nyuzi mpaka skrubu zimegota," binamu alisema. "Havifiki. Kisha nikaona afadhali nifungue nitazame." Akaigeuza shingo, akaiweka juu ya meza.

Kwenye kisigino kulikuwa na mstari wa penseli. Ng'ambo ya mstari, eksi. Upana wa kidole kizima, safi, haujaguswa. Alhamisi, binti yake alipotokea mlangoni, mjomba alisahau kuilisha randa. Shingo nzima, na freti zake zote zilizo sahihi zenyewe kwa zenyewe, ilikuwa imekaa mbali na mahali pake kwa kidole kimoja.

Alikitazama kile kipande. Najua alielewa mara ile ile. Kosa lile mtu mwingine angelipita bila kuliona. Yeye alikuwa amewafundisha watu kulikwepa miaka thelathini.

"Imezidi," akasema.

"Nani kazidisha?"

Mjomba akaigeuza shingo, eksi ikalala chini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Kukata mpaka kwenye mstari, kuziba matundu manne kwa vijiti na gundi, kusubiri ikauke, kutoboa upya. Muda ulikuwepo, na ukabaki. Nilinyoosha mkono kwenye ukuta kuutoa msumeno mdogo. "Leteni nikate mimi," nikasema, "nyinyi mwendelee na bunge."

Mjomba akauchukua msumeno mkononi mwangu, akaurudisha kwenye umbo lake la mkaa. "Kazi imekwisha kukabidhiwa," akasema. "Chombo changu hakigusi kazi iliyokabidhiwa."

"Mjomba, ni kidole kimoja."

"Mpelekeeni fundi mwingine. Mtaa huu una mafundi wanaorudia, wamejaa."

Binamu hakupandisha sauti. "Sitaki fundi mwingine, Baba. Hata wewe usikate. Sema tu 'nimekosea', hilo neno moja, na mimi kesho naondoka na gitaa hivi lilivyo na sitalitaja tena mpaka nazikwa."

Mjomba akachukua ufagio wa meza, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

Tukiwa njiani nilimwambia binamu anipe ile shingo, nina jamaa mwenye msumeno, saa sita mchana itakuwa imekwisha. "Ukikata wewe," aliniuliza, "nani atakuwa amekosea?" Nikamwambia hilo ni swali la mahakamani, yeye ana swali la Jumamosi. Hakucheka. Watu husema mtoto yule kachukua sura ya mama. Sura, labda. Shingo ngumu ile ilichongwa kutoka ubao wa baba yake.

Jumamosi nilimsindikiza. Ukumbi wa hoteli mchana hauna fahari yoyote: viti vimepandishwa juu ya meza, mtu anadeki, taa nusu. Kiongozi wa bendi alikuwa mzee mwembamba mwenye adabu. Binamu akapiga wimbo wa kwanza, mkono wote karibu na kichwa, na ulikuwa mzuri kiasi kwamba anayedeki alisimama. Kiongozi akatingisha kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema, "Sasa panda, dada. Tusikie wewe mwenyewe."

Akapanda, mkono ukielekea kiwiliwilini. Sina la kupamba. Vidole vilikuwa vinakwenda vinakotakiwa, na sauti zilikuwa zinatoka kwingine. Mpiga kinanda aliinua mikono yake juu taratibu, kama mtu aliyegundua amekaa kwenye kiti cha mwenzake. Binamu aliendelea mpaka mwisho peke yake, macho wazi.

"Mkono wako hauna tatizo," kiongozi alisema. "Shingo hiyo ndiyo iko kazini shingo upande. Nani amekutengenezea?"

"Baba yangu."

"Ni kazi nzuri sana. Mwambie airudie."

Binamu akacheka. Alicheka mpaka akainama, na mzee wa watu akatazama pembeni, hajui amesema nini. Gitaa la kumwazima hawakuwa nalo. La bendi liliondoka na mwenyewe, na walitaka mtu mwenye chombo chake kwa sababu wiki iliyofuata walikuwa wanapiga. Walisema watapiga simu. Nafasi ilichukuliwa Jumanne na kijana mmoja ambaye nimemsikia. Anapiga kama anayejaza fomu, lakini gitaa lake linasema kweli.

Jumapili binamu alifunga begi moja, akahamia kwa mfanyakazi mwenzake wa famasi, chumba na sebule, mbali kidogo. Aliaga mama yake, akaniaga mimi. Gitaa alilipeleka karakana, akaliweka juu ya meza ya kazi, mahali palepale liliposukumwa. Mjomba alikuwa anasugua mlango wa kabati kwa msasa. "Baba, nimekwenda," akasema. Mjomba aliendelea kusugua. Baadaye, watu wakimwuliza, alisema, "Mtoto ameondoka." Hakuna mtu ndani ya sentensi.

Ni mwaka na miezi sasa. Binamu hupiga simu kwa mama yake kila Jumapili. Mama anaiweka simu sauti ya nje, anakaa nayo dirishani upande wa karakana, anauliza maswali kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi: unakula, umepata kitanda, bado unapiga gitaa. Anajibu hapigi. Huko karakana randa inasimama. Simu ikikatwa, inaanza tena. Gitaa liko juu ya kabati la vyombo, limefunikwa shuka. Niliwahi kuvuta pembe ya shuka, na kidole kile cha mninga kiko palepale, na eksi yake.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki, kutafuta jeki ya waya wa spika ya mteja wangu. Ukutani wametundika shingo za gitaa za kiwandani, nne, kama nyama buchani. Nikashika moja.

"Na wewe ni wa kushika tu?" muuzaji aliniuliza.

"Kwani nani mwingine?"

"Kuna mzee mmoja, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Hazipiti wiki mbili hajafika. Anaishusha hiyo hiyo, anaigeuza, anapitisha kidole kwenye kisigino pale kinapoishia, anairudisha. Nikimwuliza anataka, anasema anatazama kazi ya watu."

"Ameshawahi kuuliza bei?"

"Hajawahi."

Nikauliza mimi. Shingo moja, pamoja na skrubu zake nne, ni elfu tisini na tano; neno lile moja lingekuwa bure.